Sebule Nyeupe, Magomeni

Nilianza na vitambaa.
Ishirini na saba, vya kufuma, kazi ya mkono wa mama:
cha redio, cha bega la sofa, cha juu ya televisheni,
kimoja hata cha kufunika kitambaa kingine.
Nikavikunja. Vilikuwa vyepesi kuliko nilivyodhani.

Kisha kabati la vyombo,
na sahani za wageni ambao hawakuwahi
kuwa wageni wa kutosha.
Kisha maua ya plastiki yaliyoogeshwa kila Idi,
kalenda tatu za miaka iliyokwisha kuzikwa,
zulia lenye tausi,
na saa ya ukutani, iliyosogezwa mbele dakika kumi
asije mtoto akachelewa shule.

Picha niliiona kwenye simu: nyumba ya Uswidi.
Ukuta mweupe, kiti kimoja, tawi moja kwenye chupa,
na nje ya dirisha theluji imekaa kimya
kama mgeni mwenye adabu.
Nikasema, na mimi nataka kupumua.

Fundi Chande wa Keko aliikuza kwa vidole viwili.
"Kiti hiki kimetoka hospitali?
Miguu hii, dada, mtu mwenye mwili wake atakaaje?"
Akataka kunipa mninga. Nikamwambia mbao nyeupe.
"Nyeupe ni paini. Paini ni ya kenchi,
ya kuezekea, ya kushikia zege.
Kwani huko wanakalia mapaa?"
Akacheka mpaka randa ikamponyoka.
Lakini akachonga.

Rangi, makoti matatu. Jumatatu nyeupe.
Jumatano nyeupe yenye mashaka.
Ijumaa vumbi la uchochoro lilikuwa limeshaandika jina lake.
Kule weupe huwekwa kuliita jua;
hapa jua lilishaingia bila hodi, likakaa, likakunja nne,
na mimi nafumba macho sebuleni kwangu saa nne asubuhi.
Nasikia wao huwasha mishumaa kwa mapenzi tu.
Sisi pia tunayo. Tunawasha luku ikiisha.

Shangazi Mkasi alifika kutoka Kilwa,
akasimama mlangoni na kapu lake la korosho.
"Wamepita wezi?"
"Hapana, shangazi. Ndiyo mtindo."
Macho yake yakazunguka yakitafuta pa kutua.
"Vitu hutolewa nje siku ya msiba," akasema,
"watu wapate pa kukaa. Msiba ukiisha, vinarudi.
Wewe vyako vimekwama wapi?"

Sofa limekwama kwa Mangi, analikalia akihesabu chenji.
Kabati kwa Bi Mwanahawa; sahani zimeonja pilau hatimaye.
Saa kwa Kibwana kinyozi, juu ya kioo.
Vitambaa viko chini ya kitanda changu.
Hilo sikumwambia.

Mwezi wa pili Bi Mwanahawa akabisha.
Binti anaolewa, kamati haina pa kukutania.
"Kwako kuna nafasi," akasema,
na lilikuwa neno langu mwenyewe, nililolipia.
Ikaingia mikeka mitano, birika mbili, watu thelathini na wawili.
Kiti cha Chande kikabeba mkoba wa mweka hazina.
Mtu fulani akaegemea ukuta kwa saa tatu za michango na ubishi,
akaacha bega lake pale, bega zima,
kwa mafuta ya nazi.

Fundi rangi anasema koti moja litalifuta.
Bado sijampigia.

Leo alfajiri nimefungua madirisha.
Hakuna pazia la kuizuia sauti, hakuna zulia la kuimeza,
na nimeisikia, nyumba tatu kutoka hapa,
saa ya mama ikigonga kumi na mbili
kabla ya kumi na mbili.

Nikajikuta natafuta viatu, mbiombio.